Mjeledi Hauwezi Kuondoa Dhambi

Somo: Wakolosai 2:20–23



Mwaka 1349, tauni kuu ilipokuwa ikiwaua watu wa Ulaya, yalionekana katika nchi ya Ujerumani makundi ya watu waliokwenda mji kwa mji, wakiimba na kuchukua misalaba. Walipofika uwanjani walivua nguo mpaka kiunoni, wakajipiga migongo kwa mijeledi. Mijeledi hiyo ilikuwa na kamba tatu, na katika mafundo yake vilitiwa vyuma vyenye ncha kali. Walijipiga hivyo mbele ya watu mara mbili kila siku, damu ikatiririka. Na safari yao ilikuwa ya siku 33 na nusu, kwa kuikumbuka miaka ya Bwana wetu duniani.

Tusiwacheke. Waliiogopa hasira ya Mungu, na hilo si jambo la kuchekwa. Walakini na tuulize: Je, mjeledi ulifika moyoni? Tauni haikukoma kwa damu yao. Tena katika miji mingine watu hao waliwachochea wengine wawaue Wayahudi, waliosingiziwa kwamba wametia sumu visimani. Tazameni jambo hili la kutisha! Mgongo umechanika, na chuki imo moyoni, nzima kama ilivyokuwa. Papa Clement VI mwenyewe akawakataza mwaka ule ule.

Mtazameni pia Martin Luther. Mwaka 1505 aliingia katika nyumba ya watawa mjini Erfurt. Alifunga, akakesha, akavumilia baridi kali, hata mwili wake ukadhoofika. Baadaye alishuhudia ya kuwa, kama mtawa ye yote angaliweza kufika mbinguni kwa utawa wake, yeye angalifika. Lakini kadiri alivyojitesa, ndivyo alivyozidi kujiuliza: Je, nimefanya ya kutosha? Swali hilo halina mwisho. Ni nani ajuaye hesabu ya fimbo zitoshazo? Ndipo mkubwa wake, Johann von Staupitz, akamwelekeza ayatazame majeraha ya Kristo.

Hayo ndiyo anenayo Mtume Paulo katika somo letu. Amri za kuutesa mwili zina sura ya hekima, lakini hazina nguvu ya kuzishinda tamaa. Kwa nini? Kwa sababu mwenye kiburi hujisifia hata makovu yake. Manabii wa Baali walijikata kwa visu, wakidhani mungu wao hatasikia mpaka aone damu. Mungu wetu si hivyo. Damu imekwisha kumwagika, mara moja tu, damu ya Mwana wake. Ajipigaye ili alipe dhambi yake ni kama mtu aliyepewa hati ya kufutiwa deni, naye hurudi kila asubuhi kwa mdai wake na senti moja mkononi. Hamheshimu yule aliyemlipia.

Mtu atasema: Basi, tule na kulala tu? Hasha! Paulo aliutiisha mwili wake ili ufae kwa kazi ya Injili, si ili anunue msamaha. Katekisimo Ndogo nayo yakubali ya kuwa kufunga kabla ya Chakula cha Bwana ni desturi njema. Lakini astahiliye ni yule aaminiye. Mkulima hulinoa jembe lake lipate kulima. Halipigi juu ya jiwe mpaka livunjike.

Nanyi waalimu, sikilizeni. Huenda mtu akaja kwenu usiku, amelemewa na dhambi yake. Hali chakula siku nyingi, au auumiza mwili wake kwa siri, akidhani ya kuwa ndivyo atakavyosamehewa. Msimsifu kwa utakatifu wake, wala msimkemee. Ketini naye. Mwacheni aungame; mtangazieni ondoleo la dhambi kwa jina la Yesu; kisha mpeni chakula, ale mbele yenu. Na kama huzuni yake ni ya kuhatarisha maisha, msimwache peke yake, bali mpelekeni kwa daktari pia.

Baadaye mwulizeni: Ni nani uliyemkosa? Kama ameiba, na arudishe, kama Zakayo alivyoahidi kurudisha. Kama amemtukana ndugu yake, na aende wapatane. Maana ni rahisi kuupiga mgongo wako mwenyewe gizani kuliko kusimama mlangoni kwa jirani mchana na kumwambia: Nimekukosa, nisamehe. Hiyo ndiyo toba impendezayo Mungu, nayo huzaliwa na msamaha, haiununui.

Basi, kila mmoja wetu autupe mjeledi wake, auendee msalaba, na kutoka msalabani amwendee ndugu yake. Bwana Yesu atujalie moyo huo. Amina.