Kufuga na Kufunga

Katika lugha yetu, kufuga na kufunga ni maneno yanayotofautiana kwa herufi moja tu. Miaka yangu ya ualimu nilisahihisha insha nyingi ambamo mwanafunzi aliandika kwamba babu yake "anafunga mbuzi", akikusudia kusema anafuga. Nilitia alama nyekundu nikaendelea. Leo, nikiwa mstaafu mwenye nafasi ya kuyafikiri mambo, naona vijana wale walikuwa wamegusa jambo. Hakuna mfugaji asiyefunga. Mwenye kuku hufunga banda, mwenye ng'ombe hufunga zizi, na mwenye mbwa huwa na mnyororo. Basi nina swali ambalo ningependa tulifikiri pamoja, msomaji mpendwa: mtu aliyemfunga kiumbe, hata kama amemfunga kwa mapenzi, anadaiwa nini siku kifungo chenyewe kinapopasuka?

Mfano nitakaoutumia uko mbali kidogo na mazizi yetu. Wako watu, hasa Ulaya na Marekani, wanaofuga bahari ndani ya nyumba. Sisemi samaki peke yao, nasema bahari. Hutengeneza tangi kubwa la vioo vilivyounganishwa kwa gundi ya silikoni, wakalijaza maji yaliyotiwa chumvi ipatayo gramu 35 kwa kila lita, kama ilivyo baharini. Humo hupanga mawe, hupandikiza matumbawe hai, na hutia samaki wa mwambani. Joto lazima libaki karibu nyuzi 25 hata kama nje kuna theluji. Pampu huyazungusha maji mahali pa mikondo, na taa hushika nafasi ya jua. Katika mawe hukaa vijidudu visivyoonekana ambavyo huigeuza sumu itokayo katika kinyesi cha samaki isiwadhuru. Kwa maneno mengine, kila kitu ambacho bahari hukifanya bila kuombwa, mle hufanywa kwa umeme na kwa mkono wa mtu.

Mpwa wangu anaishi Berlin pamoja na mke wake na mtoto wao mdogo. Nilipowatembelea mwaka 2018 nilikuta sebuleni mwao tangi la namna hiyo, la lita 500. Bingwa wa tangi lile alikuwa kangaja mmoja wa rangi ya samawati, mwenye pezi la manjano mgongoni, wa jamii inayoishi katika Bahari ya Hindi. Mpwa wangu aliniambia kwamba dukani waliandika ametoka Kenya. Sisi watu wa Tanga kangaja tunamfahamu kwa mchuzi wa nazi, kwa hiyo siku ya kwanza nilicheka kumwona mtu akimkatia mwani kwa mkasi na kumlisha kama mwana.

Usiku wa nne, kabla ya alfajiri, nilisikia mlio wa pampu umebadilika. Ilikuwa inakoroma, kama mtu anyonyaye soda iliyokwisha chupani. Nilipofika mlangoni mwa sebule, taa ya barabarani ilimulika maji sakafuni. Nikamwita mpwa wangu.

"Mjomba, usikanyage!" alisema, na kabla ya lolote lingine akaenda kwenye swichi kuu akakata umeme wa sebule. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri sana, na nyaya za pampu na taa zilikuwa zimelala humo humo. Kisha akamwambia mkewe abaki chumbani na mtoto. Kisha, jambo ambalo lilinishangaza, akaliacha tangi linavuja akashuka ngazi kumwamsha bibi mmoja mzee anayekaa chini yao, kwa sababu maji yalikuwa yameanza kupenya na taa ya bibi yule iko darini. Nilibaki na kurunzi mkononi, nikimtazama kangaja akizunguka katika maji yanayopungua.

Aliporudi alifanya kazi kwa utaratibu ambao ningeupa alama zote. Ufa ulikuwa katika kiungo cha chini, hauzibiki kwa mkono, na silikoni haishiki juu ya kioo chenye maji. Hata kikikauka, gundi mpya huhitaji siku kadhaa kukomaa, tena haishikamani vizuri na gundi ya zamani. Kwa hiyo hakupoteza dakika kuziba. Alitoa stoo mapipa matatu safi ya plastiki, ambayo hayajawahi kuguswa na sabuni, akayavuta maji kwa mpira akianza na yaliyo juu, yasiyo na taka. Akavaa glavu, akanipa na mimi, kwa maana baadhi ya matumbawe laini yana sumu kali. Tukahamisha matumbawe, kisha mawe, vyote vikiwa chini ya maji ili vile vijidudu visife. Samaki walikuwa wa mwisho. Mwanzoni nilidhani anawapuuza, kumbe samaki hawashikiki kwa urahisi wakiwa na mapango ya kujifichia na maji tele ya kukimbilia. Alipowatia katika pipa, aliwasha kipampu kidogo cha hewa kinachotumia betri, akayazungushia mapipa mablanketi yasipoe mpaka atakapovuta umeme wa jikoni.

Kulipokucha, kangaja alikuwa hai. Samaki mmoja mdogo alikutwa amekufa nyuma ya jiwe, na matumbawe mawili hayakupona. Mpwa wangu alikaa sakafuni na suruali iliyolowa akamwangalia yule samaki mdogo kwa muda mrefu. Nikamwambia, kwa nia ya kumfariji, kwamba huko baharini samaki kama yule huliwa na chewa kila siku na hakuna anayelia. Akanijibu kwa adabu, "Ni kweli, mjomba. Lakini huyu hakuniomba nimlete hapa."

Jibu lile nimelitafakari tangu siku ile, na sasa nadhani ndani yake mna hoja nzima.

Tuanze na ubishi ambao msomaji wa pwani atauleta mara moja. Je, si unafiki kumlilia samaki wa tangini wakati mwingine wa jamii yake yuko kwenye kikaango? Mimi ninaona hakuna unafiki. Mvuvi hamwahidi samaki kitu. Wanakutana mara moja, na analodaiwa mvuvi ni machache: asivue kwa baruti wala sumu, asichukue kupita kiasi, asimtese bure. Mfugaji ametoa ahadi nyingine. Amemtoa kiumbe mahali ambapo alijua kujitafutia, ambapo maji yakipungua hukimbilia kilindini, akamweka mahali ambapo hawezi kukimbilia popote. Nguvu za kujiokoa alizokuwa nazo zimehamia mikononi mwa mfugaji. Na aliyechukua nguvu za mwenzake amechukua pia kazi ambayo nguvu zile zilikuwa zikifanya. Hili ndilo deni. Halitokani na thamani ya samaki wala na bei yake dukani. Linatokana na kile alichonyang'anywa.

Ubishi wa pili ni mzito zaidi. Mtu atasema: gundi imechakaa, kioo kimeachia, ni ajali, kwani kosa ni la nani? Hapa ndipo watu wengi huchanganya mambo mawili, lawama na wajibu. Lawama huuliza nani alisababisha. Wajibu huuliza ufunguo uko kwa nani. Maswali haya yanaweza kuwa na majibu mawili tofauti, au la kwanza linaweza kukosa jibu kabisa.

Jambo hili lilionekana kwa ukubwa wa kutisha katika mji huo huo wa Berlin. Ndani ya hoteli moja kulikuwa na tangi la mviringo lililoitwa AquaDom, lililosimama kama mnara, lenye lita milioni moja za maji ya chumvi na samaki wapatao 1,500. Mpwa wangu alinipeleka kulitazama katika safari ile. Lifti ilikuwa ikipanda katikati ya maji, na watoto wakibandika pua kwenye kioo. Tarehe 16 Desemba 2022, kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, tangi lile lilipasuka. Maji yalisomba samani za hoteli mpaka barabarani, watu wawili wakajeruhiwa kidogo, na takriban samaki wote wa tangi wakafa. Laiti lingepasuka saa sita mchana, tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Wataalamu walichunguza mabaki kwa miezi mingi, na mwaka 2023 wakatangaza kwamba chanzo hakikuweza kuthibitishwa.

Naomba tuangalie kilichotokea asubuhi ile ile. Chini ya jengo kulikuwa na matangi madogo ambayo hayakupasuka, lakini umeme ulikuwa umekatika na maji yangekosa hewa. Wazima moto na watunza wanyama waliwahamisha mamia ya samaki kutoka humo kupelekwa kwenye matangi mengine mjini. Hakuna aliyesema tungoje kwanza ijulikane nani mwenye makosa. Lau wangengoja, wangekuwa wanangoja hadi leo. Lawama inaweza kusubiri ripoti. Wajibu hausubiri, maana pumzi haisubiri.

Sasa narudi kwa yule bibi wa chini. Je, mpwa wangu alipoliacha tangi akashuka ngazi, alivunja ahadi yake kwa samaki? Sidhani. Deni kwa kiumbe uliyemfunga ni la kweli, lakini halikupi ruhusa ya kulilipa kwa uhai wa jirani. Watu kwanza, kisha viumbe, kisha samani, na mazulia ya mwisho kabisa. Ila nimegundua kwamba aliweza kushuka bila wasiwasi mkubwa kwa sababu mapipa yalikuwa stoo. Aliyanunua siku alipolinunua tangi, pamoja na pampu ya betri, na mkewe alikuwa akimlaumu kwa kujaza stoo vitu visivyotumika. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nao walisema maji yakimwagika hayazoleki. Kati ya methali hizo mbili mna siku nyingi za kawaida, zisizo na ufa wala mafuriko, na hapo ndipo deni hulipwa hasa. Usiku wa dharura hauonyeshi wema wa mtu ila ule aliokwisha kuuweka akiba.

Msomaji ataniuliza kwa nini mwalimu mstaafu ameshughulika kiasi hiki na samaki. Nitasema. Nimekuwa mkuu wa shule ya bweni kwa miaka mingi, na mtoto si samaki, Mungu apishe mbali. Lakini mzazi anapomwacha mtoto langoni na sanduku lake, na mwalimu akafunga lango, kile nilichokieleza hutokea kwa uzito usiopimika. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001, wavulana 67 waliteketea katika bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli, wilayani Machakos nchini Kenya. Moto uliwashwa makusudi. Hilo ni la lawama. Lakini madirisha yalikuwa na nondo, na mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Habari zile nilizisikia redioni nikiwa ofisini, na nilizima redio nikaenda kutazama milango yetu kwa mara nyingine.

Shuleni kwetu mabweni yalikuwa yakifungwa kwa komeo la ndani tu. Kwa kanuni hiyo nilipata lawama nyingi. Mlinzi alitaka kufuli la nje, kwa sababu wavulana walitoroka kwenda disko. Wajumbe wawili wa bodi walimuunga mkono, na mzazi mmoja aliniandikia barua kali baada ya mwanawe kukamatwa mjini usiku. Niliwajibu wote neno moja: mtoto aliyetoroka hurudishwa. Walionipinga hawakuwa watu wabaya. Walitaka kuwalinda watoto, na kufuli hulinda kweli, mpaka usiku ule mmoja ambapo hugeuka kuwa upande wa adui. Tangi la kioo ni hivyo hivyo: ndilo linalomwezesha kangaja kuishi Berlin, na ndilo linaloweza kumwacha mkavu juu ya zulia.

Kwa hiyo sisemi watu wasifuge. Bila kufunga hakuna malezi, wala shule, wala nyumba. Nasema tu kwamba asiyeweza kununua mapipa asinunue tangi. Anayemfunga mbwa mnyororo na ajue nani atamfungua nyumba ikishika moto yeye akiwa safarini. Anayefunga bweni na alale mahali ambapo atasikia.

Na mimi mwenyewe sasa nimefika upande wa pili wa mlango. Naishi kwa mwanangu, katika nyumba nzuri yenye nondo kila dirisha na geti linalofungwa saa nne usiku, kwa ajili ya wezi. Magoti yangu hayawezi tena kuruka ukuta. Wananifungia kwa mapenzi, nami nashukuru. Lakini kila jioni, kabla sijalala, huuliza ufunguo umewekwa wapi. Wajukuu hucheka, husema babu ameanza kusahau. Huwaambia wanionyeshe tena, na nikishauona, huwaomba na wao waushike mmoja mmoja, wajue kuupata gizani.