Kifaru wa Corgi

Kati ya mwaka 1979 na 1983 viwanda vitatu vikubwa vya vigari vya kuchezea vya Uingereza vilikufa kimoja baada ya kingine. Kile cha Meccano cha Liverpool, kilichokuwa kikitoa Dinky, kilifunga milango mwaka 1979. Lesney wa London, wenye Matchbox, wakafilisika 1982. Mettoy, waliokuwa wakiunda Corgi kule Swansea, Wales, wakafuata mwaka uliofuata. Majina yakauzwa, wafanyakazi wakaenda nyumbani. Watoto walikuwa wameshahamia kwingine, kwenye michezo ya kompyuta na sanamu za filamu za angani, na nani angewalaumu?

Vigari vyenyewe havikufa. Vimo kwenye makabati ya vioo, vimepangwa kwa namba, vinapanguswa vumbi kwa brashi laini, na mwenye kabati ni mtu wa miaka sitini anayelalamikia magoti. Ana minada yake, ana vitabu vya orodha na bei, ana hata wivu wake. Mwulize tofauti ya gurudumu la kijivu na gurudumu jeusi katika kigari kimoja cha Matchbox, kisha tafuta kiti ukae.

Watu humcheka. Humwambia anatamani kurudi utotoni. Hilo silikubali hata kidogo. Katika watu wa rika langu sijakutana na mmoja anayetamani utoto wake urudi jinsi ulivyokuwa: kuamkia mtungi na foleni ya maji, kuchapwa kwa kosa la ndugu yako, kufukuzwa wakubwa wanapoanza kusema mambo yenye utamu. Utoto ni kazi ngumu na mshahara hakuna. Kinachotafutwa ndani ya kabati lile ni kitu kingine, na nadhani siri yake iko kwenye boksi.

Nasema boksi kwa maana yake ya kawaida, lile la karatasi ngumu. Sheria kubwa ya soko hili ni kwamba kigari chenye boksi lake la awali hupata bei ya juu sana kuliko kilichokosa, na kile ambacho hakijawahi kuguswa ndicho mfalme. Kwa hiyo kigari kilichopendwa kweli, kilichoburutwa kwenye saruji, kikang'atwa, kikalazwa chini ya mto, kikazikwa uani na kufukuliwa, hakina bei. Kile ambacho shangazi alimletea mtoto asiyejali magari, kikabaki juu ya kabati miaka thelathini, ndicho kinachogombaniwa mnadani. Ukitazama juu juu utasema watu hawa wana wazimu. Lakini jiulize: ni mtoto gani anayekijua kigari kikiwa kipya, rangi yake haina mkwaruzo, kimekaa na boksi lake? Aliyekuwa nacho alikijua kimechubuka. Anayekikumbuka kikiwa kizima ni yule aliyekitazama kupitia kioo cha duka akaondoka mikono mitupu.

Ndiyo maana naamini wakusanyaji wengi, kuliko wanavyokiri, si watu waliokuwa navyo wakavipoteza. Ni watu waliovitamani.

Wenye viwanda wa leo wamelielewa hilo vizuri kuliko sisi waandishi. LEGO wa Denmark tangu mwaka 2020 wanatoa maboksi yaliyoandikwa 18+, na Titanic yao ya mwaka 2021 ina vipande 9,090, jambo ambalo hakuna mtoto wa miaka saba aliyeliomba. Mtoto anaomba, mtu mzima anayo kadi ya benki. Biashara haikuhitaji hekima kubwa kuliko hiyo.

Nilikulia karibu na Voi, Kenya, na kwetu Pasaka ilikuwa na mambo mawili: kanisa, na Safari Rally. Mashindano hayo ya magari yalianza mwaka 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth. (Kutawazwa huko huko ndiko kulikowatajirisha Lesney: kigari chao kidogo cha farasi, mfano wa kile alichopanda Malkia, kiliuzwa zaidi ya milioni moja, na fedha yake ikawa mtaji wa Matchbox. Walipotawaza mtu mmoja London, watoto wa mabara mawili wakapata cha kuchezea.) Magari yalipopita Taita yalipita kama yanatoroka, na sisi tulikaa juu ya kingo za barabara tukiwa tumegeuka wekundu kwa vumbi. Tuliwajua madereva kwa majina. Joginder Singh aliposhinda mwaka 1965 na Volvo, mwaka 1974 na Mitsubishi, kisha 1976 tena, alikuwa mtu wetu, na ubishi kuhusu injini yake uliendelea mpaka mitihani.

Jumatatu ya Pasaka ikipita, kazi ilianza. Kwanza waya. Bora ulikuwa ule mnene wa uzio, wa pili hanga za nguo, na namna zilivyopatikana si habari ya gazeti hili. Unaanza na fremu ya chini, mstatili mmoja, ncha zake ukazifunga kwa waya mwembamba unaouzungusha kwa meno ukikosa koleo. Kisha nguzo nne, paa, boneti. Aliyetaka Datsun alirefusha pua. Aliyetaka Peugeot aliweka mgongo mrefu wa kubebea mizigo. Magurudumu yalikuwa vifuniko vya mikebe ya Kiwi, au raba ya kandambili iliyokatwa duara kwa wembe, na mwenye kandambili asiwe nyumbani siku hiyo. Mwisho usukani: waya mrefu kutoka ekseli ya mbele, unapita juu ya paa, unapanda mpaka kifuani pa dereva na kuishia kwenye pete. Unatembea nyuma ya gari lako, unakata kona, mdomo wako ndio injini.

Hakuna hata moja lililobaki. Wala halikuibwa, halikutupwa. Gari likichakaa lilifunguliwa, waya ukanyooshwa kwa jiwe, ukawa gari la Pasaka iliyofuata. Kwa hiyo mtu akitaka leo kukusanya magari ya utoto wetu atapata kazi, kwa sababu gari la mwaka mmoja lilikuwa ndani ya gari la mwaka uliofuata, na la mwisho kabisa, nikikumbuka vizuri, lilifungia mlango wa banda la kuku.

Dada yangu, nilipomsimulia kwamba naandika habari hizi, aliuliza wasichana wako wapi. Nikamwambia Barbie alizaliwa mwaka 1959 na wakusanyaji wake ni wengi. "Simwulizii Mzungu," akasema. "Nyinyi mlikuwa na nafasi ya kucheza. Mimi mwanasesere wangu ulikuwa wewe, na ulikuwa mzito." Sikuwa na jibu. Amenibeba mgongoni mpaka nilipoanza shule, na sioni ni mnada gani ungemrudishia hayo.

Jirani yangu ni mwalimu mstaafu, na tulikaa ukingo mmoja wa barabara zamani zile. Katika duka moja la Voi, nyuma ya kioo, kati ya sabuni za marashi na saa za mkononi, palikuwa na Volkswagen nyekundu ya Corgi. Ilitolewa katikati ya miaka ya 1960 kwa jina la East African Safari, kwa kuwa Volkswagen zilikuwa zimeshinda kwetu zaidi ya mara moja, ya mwisho ikiwa 1962. Juu ya paa gari hilo lina gurudumu la akiba, na ukilizungusha hilo, magurudumu ya mbele yanakata kona. Mtu wa Swansea alikuwa amebuni, bila kujua, usukani ule ule wa juu ya paa tuliokuwa nao sisi. Ndani ya boksi mlikuwa pia na kifaru mdogo wa plastiki, ili mtoto wa Uingereza asisahau gari liko wapi. Mwalimu aliingia dukani humo kununua chumvi mara nyingi kuliko chumvi ilivyohitajika kwao.

Miaka michache iliyopita alianza kulitafuta. Mwanawe aliye ng'ambo alimwonyesha namna ya kununua kwa mtandao, na gari likaja kwa posta, limefungwa kwa karatasi nyingi kama maharusi. Lina boksi. Halina kifaru.

Hapo ndipo nilipoanza kumwelewa, kwa sababu gari alilifurahia wiki moja tu. Kifaru hakumpa usingizi. Kwa wakusanyaji hilo ni tatizo linalojulikana. Vitu vidogo vilivyokuja huru ndani ya boksi ndivyo vilivyopotea kwanza, na siku hizi huuzwa peke yake, vya asili na vya kuigizwa. Wa kuigizwa ni rahisi kupata, ametengenezwa vizuri, na ukimweka kando ya gari mgeni hatajua. Mwalimu alikataa. "Mgeni hatajua," alisema, "lakini mimi nitakuwa nyumbani."

Mjukuu wake wa kike alilitazama gari lile kwa kioo cha kabati, mikono nyuma kama alivyoagizwa. "Babu, mbona hulichezi?"

"Linakaa."

"Linangoja nini?"

"Mwenzake."

Alimfungulia kabati baadaye, akamwonyesha gurudumu la juu ya paa. Mtoto alilizungusha mara mbili tatu, akaona yanayotokea kwa magurudumu ya mbele, akarudi kwenye simu ya mama yake. Mwalimu hakukasirika, na kwa maoni yangu alifanya vyema. Wazee wengi hukosea hapo, wanataka mtoto atamani walichotamani wao, kana kwamba hamu ni shamba la ukoo.

Donald Winnicott, daktari wa watoto wa Uingereza aliyegeukia uchambuzi wa nafsi, aliandika mwanzoni mwa miaka ya 1950 juu ya kile kitambaa au dubu wa manyoya ambaye mtoto hamwachi hata usingizini. Alisema mtoto mwenye afya hamsahau dubu huyo wala hamlilii. Kadiri mambo ya dunia yanavyompanukia, dubu hupoteza maana yake polepole. Nasadiki. Ila Winnicott alikuwa akizungumzia kitu ambacho mtoto alikuwa nacho. Kitu ambacho hukupata kukishika, je, kitachakaa vipi? Hakina njia ya kuchubuka. Kinabaki vile vile nyuma ya kioo, miaka sitini, chumvi mkononi.

Na hamu hii wala si ugonjwa wa wanyonge. Tangu mwaka 2003 matajiri wanaleta Kenya magari halisi ya zamani, Datsun na Escort na Porsche, na kuyakimbiza vumbini katika East African Safari Classic. Björn Waldegård wa Sweden, aliyeshinda Safari yenyewe mara nne kati ya 1977 na 1990, alirudi akiwa na zaidi ya miaka sitini akaishinda na hii ya Classic mara mbili, 2007 na 2011. Hawa nao wana kabati, ila lao lina urefu wa maili nyingi na linahitaji helikopta.

Niliwahi kumwuliza Mwalimu kwa nini kifaru amemkaa moyoni, maana dukani alilotaka lilikuwa gari. Alinijibu kwa kuhesabu. Baba yake alifanya kazi ya reli, na mtoto akisafiri naye kupitia Tsavo aliona vifaru dirishani bila kuwatafuta. Mwaka 1970 Kenya ilikuwa na vifaru weusi wapatao 20,000. Kufika mwaka 1990 hawakufika 400. Wale waliobaki upande wetu ilibidi wawekewe uzio kule Ngulia, Tsavo Magharibi, kuanzia 1986, na walinzi wenye bunduki. Barabara yetu imetiwa lami, duka lile sasa linauza simu, na Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 ilikwenda Naivasha. "Gari naweza kuliona popote," alisema. "Wewe nitafutie kifaru kandokando ya barabara ya Voi."

Wiki iliyopita aliniita nikamsomee barua ya muuzaji mmoja, macho yake yakiwa yamechoka. Kifaru kipo, wa asili, wa mwaka ule ule. Muuzaji ameambatanisha picha na ameomba radhi kwa uaminifu: mtoto fulani, zamani, aliivunja pembe ya mbele, kwa hiyo bei imepungua. Nilimtazama huyu mtu aliyekataa kifaru wa kuigizwa, nikamwuliza kama tumjibu kwamba hatumtaki.

"Hana pembe?" akasema, akijipapasa mfukoni kutafuta kadi ya benki. "Basi huyo ndiye wa Tsavo."