Nchi yo yote, nchi zote

Wanafunzi wetu wengi hudhani ya kuwa kusema "nchi yo yote" na kusema "nchi zote" ni mamoja. Mwalimu hupitisha wino mwekundu juu ya neno, akashika daftari jingine. Katika makala haya nataka tuitazame tofauti hiyo mahali ambapo iligharimu watu kazi zao: katika sheria ya Bunge la Australia ya mwaka 1992, iliyowekwa kwa ajili ya kuliuza shirika la ndege la taifa, Qantas. Swali nililo nalo ni la maadili zaidi kuliko la sarufi. Je, serikali iliyokwisha kuuza mali ya umma ina haki ya kumwambia mnunuzi, kazi hizi usizipeleke ng'ambo? Na ikiwa ina haki hiyo, yaipasa kusema kwa maneno ya namna gani?

Qantas lilianzishwa mwaka 1920 katika mji mdogo wa Winton, Queensland, na jina lake ni herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yanayotaja Queensland na Jimbo la Kaskazini. Mwaka 1947 serikali ililitwaa lote likawa mali ya umma. Kwa muda wa miaka karibu hamsini wananchi waliliona kuwa ni lao, na walikuwa na haki kuliona hivyo, maana kodi yao ndiyo iliyolilea. Ilipofika zamani za kubinafsisha, British Airways ilinunua robo ya hisa mwaka 1993, na zilizobaki zikauzwa kwa watu mwaka 1995.

Bunge halikuuza pasipo masharti. Wageni wote kwa jumla wasipate zaidi ya asilimia 49 ya hisa. Makao makuu yawe Australia. Theluthi mbili za wakurugenzi wawe raia, na mwenyekiti wa bodi naye awe raia. Jina la Qantas lihifadhiwe. Kisha likaja sharti ambalo mafundi wa ndege, wapishi, wahudumu na makarani walilitegemea kama ngao yao. Sheria yataka kwamba katika jumla ya mahali na vyombo ambavyo shirika hutumia kwa safari zake za kimataifa, yaani karakana za matengenezo, majiko, vituo vya mafunzo, ofisi na kadhalika, vile vilivyo Australia, vikilinganishwa na vilivyo katika nchi nyingine yo yote, viwe ndivyo kitovu kikuu cha kazi.

Msomaji na asome tena sentensi hiyo polepole. "Vikilinganishwa na nchi nyingine yo yote." Tuichukue ubaoni kwa mfano wa kubuni tu. Tuseme shughuli zote za shirika ni mia. Thelathini ziko Australia, ishirini na tano Singapore, ishirini na tano Ufilipino, na ishirini New Zealand. Kazi sabini katika mia zimekwisha kuvuka bahari, na hali sheria haijavunjwa, kwa kuwa hakuna nchi hata moja, ikitazamwa peke yake, iliyoipita Australia. Laiti ingaliandikwa "nchi nyingine zote kwa pamoja", hesabu ingalikuwa nyingine kabisa. Tena sharti lenyewe lasema juu ya safari za kimataifa za Qantas. Halikuyataja makampuni madogo ambayo shirika lingeweza kuyaanzisha chini ya mbawa zake.

Nayo yakaanzishwa. Mwaka 2002 liliundwa huko New Zealand kampuni tanzu iitwayo Jetconnect. Ndege zake zilipakwa rangi za Qantas, zikabeba kangaruu mkiani, lakini zilisajiliwa New Zealand na watumishi wake waliajiriwa kwa mikataba ya huko. Abiria alipanda akidhani yumo katika chombo cha Australia. Hapa ndipo ninapoona umuhimu wa lile sharti la jina. Bunge lililinda jina kwa nguvu zote, na jina ndilo lililobaki salama kuliko vyote.

Mwaka 2011 jambo hili liligeuka kuwa ugomvi wa taifa. Mwezi wa Agosti mkuu wa shirika, Alan Joyce, alitangaza mpango wa kupunguza kazi kiasi cha 1,000 na kuanzisha shirika jipya katika Asia. Vyama vya marubani, mafundi na wapakizi vilipinga. Tarehe 29 Oktoba shirika lilisimamisha ndege zake zote, abiria wakakwama katika viwanja vya dunia nzima, hata baraza la kazi likaingilia kati na kuukomesha mgogoro. Mwaka huo huo Maseneta Nick Xenophon na Bob Brown walileta mswada wa kuirekebisha sheria ya 1992: makampuni tanzu nayo yafungwe na masharti, na sehemu kubwa ya matengenezo mazito ifanyike nchini. Mswada huo haukupata kuwa sheria. Mwaka 2012 ilitangazwa kwamba karakana ya matengenezo mazito ya Tullamarine, Melbourne, itafungwa. Baadaye ikafuata ya Avalon. Ndege kubwa za A380 zikawa zapelekwa Manila kufanyiwa matengenezo. Februari 2014 shirika lilitangaza kupunguza kazi 5,000. Na Bunge lilipoigusa ile sheria hatimaye, Julai 2014, halikukaza kitu. Lililegeza baadhi ya mipaka juu ya hisa za wageni, na asilimia 49 ikabaki.

Haifai kuwahukumu wakubwa wa shirika bila kuwasikiliza. Walisema kwamba wamefungwa miguu na huku wanaambiwa wakimbie. Mshindani wao wa nyumbani, Virgin Australia, alikuwa na wenye hisa wakubwa watatu walio mashirika ya ndege ya nchi za nje, wala sheria ya 1992 haikumhusu. Mishahara ya Australia ni mikubwa. Katika mwaka wa hesabu ulioishia Juni 2014 Qantas lilipata hasara ya dola za Australia bilioni 2.8, ingawa sehemu kubwa ya hasara hiyo ilitokana na kushushwa kwa thamani ya ndege katika vitabu. Mtu aweza kuuliza kwa haki: yafaa nini kulinda kazi za shirika hadi shirika lenyewe life?

Vilevile hoja ya usalama, ambayo aghalabu hutangulizwa na wapinzani, naiona dhaifu kuliko inavyosikika. Tarehe 4 Novemba 2010 injini ya A380 ya Qantas ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Batam, ikiwa na watu 469, na marubani wakaitua salama Singapore. Wachunguzi walikuta chanzo kuwa ni bomba dogo la mafuta ya kulainisha, lililochongwa vibaya katika kiwanda cha mtengenezaji wa injini, Rolls-Royce. Haikuwa Manila wala Melbourne. Fundi mwema ni mwema po pote alipo, na mkaguzi mlegevu huleta hatari hata akiwa raia. Mwenye kutetea kazi za nyumbani asijifiche nyuma ya hofu ya abiria. Aseme wazi kwamba anatetea kazi.

Liko na pingamizi la tatu, nalo ndilo zito. Fundi wa Manila naye ni mtu, ana watoto, na mshahara huo humwinua zaidi kuliko unavyomwinua mwenzake wa Melbourne. Kwa nini dhamiri yetu imlilie mmoja na isimfurahie mwingine? Sisi watu wa nchi ambazo kazi huhamia mara chache na kuhama mara nyingi hatuwezi kulipuuza swali hili. Nami najibu hivi: haki ya fundi wa Melbourne haikutoka katika utaifa wake. Anayedai deni hadai kwa kuwa yeye ni bora kuliko maskini wengine wa mji. Adai kwa kuwa aliahidiwa. Mali ya umma iliuzwa kwa masharti, na wanunuzi walizipata hisa wakiyajua masharti hayo. Mtu akinunua shamba lenye njia ya majirani ndani yake, hawezi mwaka wa pili kulalamika kwamba njia yampunguzia mavuno.

Kwa hiyo naamini serikali ina haki ya kuliwekea shirika lililouzwa mipaka juu ya kupeleka kazi nje, maadamu mipaka hiyo ilikuwa sehemu ya mauzo. Iko na sababu nyingine nje ya ahadi. Ufundi hauwekwi ghalani kama mahindi. Karakana ikifungwa miaka kumi, wazee wamestaafu, vijana hawakufundishwa, na siku taifa likiutaka tena ufundi huo halina pa kuukuta. Sisi wa Afrika Mashariki tuliyaona hayo kwa namna yetu. East African Airways lilikuwa mali ya Kenya, Tanzania na Uganda, lakini makao yake na karakana yake kubwa vilikuwa Embakasi, Nairobi. Liliposambaratika mwaka 1977 pamoja na Jumuiya, nchi mbili kati ya tatu ziligundua kwamba sehemu yao ya shirika ilikuwa kwenye karatasi, na karakana ilikuwa kwa jirani. Hakuna aliyewadhulumu kwa siku ile moja. Ilikuwa imeamuliwa zamani, katika kuamua fundi akae wapi.

Walakini haki ya kuweka mipaka yafuatwa na wajibu wa kusema kweli. Tuilinganishe Australia na Kanada. Sheria ya Kanada ya mwaka 1988 ya kuliuza shirika la Air Canada haikusema juu ya vitovu wala milinganisho. Ilitaja miji: shirika lidumishe vituo vya matengenezo Winnipeg, Montreal na Mississauga. Mnamo Machi 2012 kampuni ya Aveos, iliyokuwa ikifanya matengenezo hayo, ilipofungwa na wafanyakazi zaidi ya 2,000 wakakosa kazi, serikali ya jimbo la Quebec ilikwenda mahakamani na kushinda, na mahakama ya rufani ikaithibitisha hukumu mwaka 2015. Mwaka uliofuata Bunge la Kanada likaibadili sheria, likaliachia shirika liamue lenyewe aina na kiasi cha kazi itakayofanyika nchini. Mafundi wa Montreal walishindwa kama wenzao wa Melbourne. Lakini yule wa Montreal alishindwa waziwazi: kila mbunge aliyemnyang'anya ahadi yake alisimama akahesabiwa kura. Yule wa Melbourne hakunyang'anywa kitu, kwa sababu sarufi ilikuwa imekwisha kumnyima tangu mwanzo, naye hakujua.

Tofauti hii ni kubwa kwetu tunaofundisha lugha. Kusema neno ambalo msikilizaji atalielewa kuwa ahadi, huku msemaji akijua kwamba halimfungi, hakuitwi uongo katika vitabu vya sheria. Mimi sioni jina jingine la kulipa. Wako watakaosema kwamba wabunge wa 1992 walitaka tu kuliachia shirika nafasi ya kupumua. Pengine ndivyo, na nafasi ya kupumua si dhambi. Basi wangaliwaambia mafundi: tumelinda jina, makao makuu na bodi, kazi zenu hatukuzilinda ila kidogo. Mafundi wangaligombana nao mapema, wakiwa bado na nguvu ya kugombana, kabla hisa hazijauzwa.

Sheria iliyowasaidia wafanyakazi wa Qantas mwishowe ilikuwa nyingine kabisa, na katika shauri ambalo kazi hazikuvuka mpaka, bali zilitoka mikononi mwa shirika kwenda kwa makampuni ya nje. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, shirika liliwaondoa wapakizi na watumishi wa viwanjani zaidi ya 1,600. Sheria ya kazi ya mwaka 2009 haiulizi kazi imehamia wapi, yauliza nia. Shirika lilishindwa kuthibitisha kwamba miongoni mwa sababu zake haikuwamo ile ya kuwazuia watu hao wasitumie haki yao ya kugoma na kudai mkataba. Tarehe 13 Septemba 2023 mahakama ya juu kabisa ya Australia, kwa sauti moja, iliitupa rufani ya shirika. Desemba 2024 yakakubaliwa malipo ya fidia ya dola milioni 120, na Agosti 2025 Jaji Michael Lee akaongeza faini ya dola milioni 90, akaagiza milioni 50 kati ya hizo kiende kwa chama cha wafanyakazi kilicholifikisha shauri mahakamani. Kuhusu kuwarudisha wapakizi kazini, jaji huyo alikwisha kulikataa ombi hilo mwaka 2021. Mizigo ya Qantas yapakiwa na watumishi wa makampuni mengine.