Jicho na Jirani

Katika kitabu cha sita cha Maungamo, Mtakatifu Agostino anasimulia habari za rafiki yake Alypius, kijana wa Thagaste, mji uliokuwa katika Algeria ya leo, aliyekwenda Roma kusomea sheria. Alypius aliichukia michezo ya kuuana kwa silaha mbele ya umati. Siku moja wenzake wakamburuta hadi uwanjani. Akawaambia mwili wake watauketisha, lakini macho yake hawatayapata. Akaketi, akafumba. Mpiganaji mmoja akaanguka, umati ukapiga ukelele, naye udadisi ukamzidi nguvu, akafumbua. Hakuweza tena kuyabandua macho. Baadaye yeye ndiye aliyewavuta wengine kwenda.

Wengi hulisoma hilo kama onyo dhidi ya kujiamini kupita kiasi, na ni kweli: ukishaketi uwanjani, kope hazitakufaa sana. Vita ya macho huamuliwa mapema, miguu inapochagua njia. Lakini ni nini hasa kilichomjeruhi Alypius? Si damu. Muuguzi wa wodi ya majeruhi huiona kila siku na roho yake isichafuke. Kilichomjeruhi ni kwamba mtu alikuwa anakufa mbele yake, naye akaburudika.

Hapo ndipo kosa la jicho lilipo: kumgeuza mtu kuwa kitu cha kunifurahisha. Mfalme Daudi, akiwa juu ya dari ya jumba lake, alimwona mwanamke akioga. Alipouliza ni nani, aliambiwa ni Bathsheba, binti Eliamu, mke wa Uria. Akapewa jina, baba na mume, yaani mtu kamili mwenye watu wake. Akayasikia yote, kisha akatuma watu wamlete. Ndiyo maana Yesu, katika Mathayo sura ya 5, alishitaki kutazama kwa kutamani, wala hakushitaki kuona.

Uwanja wa Roma sasa tunatembea nao mfukoni. Basi likipinduka, simu hutangulia kutolewa kabla ya mkono wa msaada. Jioni video imeshafika kwenye kundi la ukoo, na la kwaya pia: majeruhi amelala, nguo zimempasukia mwilini, na chini yake watu wameandika “Mungu atusaidie” kisha wakaisambaza.

Je, tusitazame kabisa? Katika mfano wa Yesu wa Msamaria Mwema, kuhani na Mlawi walimwona mtu aliyepigwa na wanyang’anyi, wakapita kando. Anayeyalinda macho yake ili asisumbuliwe hana tofauti nao. Msamaria naye alimwona mtu yuleyule, lakini akamsogelea, akamfunga majeraha, akamlipia malazi. Kutazama kwake kulimgharimu. Kwetu kwenye simu hakutugharimu chochote. Kwa hiyo kuyafunga macho wakati wa Kwaresima, kama tunavyofunga chakula, kuna maana pale tu kunapotuandaa kumwona jirani ipasavyo.

Basi kabla hujaifungua video inayofuata, jiulize: je, ningemtazama mtu huyu hivi mama yake akiwa ameketi kando yangu? Jibu likiwa hapana, ifute, wala usimtumie mwingine.