Lumbesa ya Saa

Julai iliyopita nilikuwa Namanyere, nyumbani kwa baba mdogo, wakati wa kuuza mahindi. Upepo wa Ufipa mwezi huo hauna mzaha. Saa nne asubuhi tulikuwa bado tumevaa makoti. Mnunuzi alikuja na vijana wake. Wakajaza gunia mpaka mdomoni, wakalishindilia, kisha wakashonea juu yake kipande cha gunia jingine na kuendelea kujaza. Lumbesa. Baba mdogo akasema hilo si gunia moja. Mnunuzi akamjibu kwa upole kabisa, "Mzee wangu, hakuna anayekulazimisha."

Sheria ya vipimo inasema gunia la mazao lisizidi kilo 100. Pale uani hakuna ambaye hakulijua hilo, mnunuzi mwenyewe akiwemo. Lakini baba mdogo alikuwa na ada ya kulipa na deni la mbolea. Akauza.

Mdogo wangu, mtoto wake wa tatu, alikuwa amekuja likizo kutoka Dar es Salaam. Yuko mwaka wa pili kwenye kampuni kubwa ya ukaguzi wa hesabu, huku akifanya mitihani ya NBAA, Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, ili apate CPA. Mahindi ya shamba lile ndiyo yaliyomsomesha, na jina lake likitajwa kwenye sherehe za ukoo wazee hukaa vizuri kwenye viti. Lori lilipoondoka akaniambia taratibu, "Dada, ile lumbesa naijua. Ila ya kwangu huwa naishona mwenyewe."

Sikumwelewa mpaka usiku, tulipobaki wawili jikoni tukiota moto.

Kampuni nyingi hufunga hesabu zake tarehe 31 Desemba, kwa hiyo miezi ya mwanzo wa mwaka ndiyo msimu wao. Anaingia kwa mteja saa mbili asubuhi, anatoka saa nne usiku, siku nyingine saa sita. Jumamosi ni siku ya kazi, Jumapili ni ya "kumalizia vitu vidogo". Mshahara wake ameniomba nisiutaje. Niseme tu kwamba ukitoa kodi ya chumba, nauli ya bajaji za usiku na ada ya mitihani, kinachobaki hakitoshi kumtumia mama yake hela ya sukari bila kukopa.

Hayo nilikuwa nayajua kijuujuu. Nisilolijua ni taimushiti, fomu ambayo kila mkaguzi hujaza saa alizotumia kwa kila mteja. Kila kazi ina bajeti ya saa, kwa sababu ada ya ukaguzi imeshakubaliwa na mteja. Ukizidisha, swali linakuja: mbona wewe umechelewa? Hakuna anayekuamuru kudanganya. Unajifunza tu kwamba wanaoandika saa zote huonekana wazito wa kazi. Basi anafanya saa kumi na nne, anaandika nane.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Saa za ziada zisizidi 50 katika mzunguko wa wiki nne, na zilipwe angalau mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Lakini saa ambayo haijaandikwa haina sheria ya kuilinda. Kwenye karatasi, mdogo wangu ni kijana anayewahi kulala.

Utetezi wa mpango huu naujua, na si wa kijinga. Kwanza, huyu anajifunza, na kujifunza kuna gharama. Zamani Uingereza, kijana aliyetaka uhasibu hakulipwa kitu. Mzazi ndiye aliyemlipa bwana mkubwa ili mwanawe apokewe kwa mkataba wa miaka kadhaa. Ukilinganisha na huko, wa leo amebahatika. Ila kuna jambo limebadilika katikati: saa ya mwanafunzi wa leo inauzwa. Mteja anailipia. Huwezi kumwita mtu mwanafunzi siku ya mshahara, kisha ukamwita mkaguzi siku ya kuandika ankara.

Pili, wanasema amekubali mwenyewe. Hapa namsikia mnunuzi wa mahindi. Baba mdogo pia alikubali. Kukubali kwa mtu mwenye deni la mbolea kunatuonyesha alivyobanwa. Hakutuambii kama bei ilikuwa ya haki.

Tatu, mvumilivu hula mbivu: CPA ikipatikana, milango inafunguka. Ni kweli, na naomba ifunguke. Lakini mbivu zinahitaji mlaji aliye mzima. Mwaka 2024, huko Pune, India, mhasibu wa kike wa miaka 26 alifariki miezi minne tu baada ya kuajiriwa katika kampuni kubwa ya ukaguzi. Mama yake aliandika barua akisema kazi ilimlemea mwanawe. Kampuni ikakataa kwamba kazi ndiyo sababu. Mimi siwezi kuamua nani mkweli. Najua tu kwamba mdogo wangu aliisoma barua ile kwenye simu, ndani ya bajaji, usiku, akitoka kazini.

Sisi wapenzi wa fasihi tumezoea kumtafuta bwana mbaya. Dickens alitupa Scrooge mwaka 1843, na karani wake Bob Cratchit anayetetemeka kwa baridi ofisini, na mambo yakawa rahisi: bahili akibadilika roho, karani anapata nyongeza. Nilimuuliza mdogo wangu, Scrooge wako ni nani? Akafikiri. "Meneja wangu naye anatoka saa sita usiku, dada. Na yeye alipitia humuhumu." Kisha akasema lililonikosesha usingizi: "Bajeti ya mwaka huu ilipangwa kwa saa za mwaka jana. Za uongo. Na mimi nimeandika uongo wangu, mwakani atapewa mwingine."

Hapo ndipo swali la maadili linapokaa, kwa maoni yangu. Dhuluma ya lumbesa inaonekana. Gunia limevimba, hata mtoto anaona. Dhuluma ya saa inafichwa na anayedhulumiwa, na kwa kuificha anamshonea gunia kijana atakayekuja nyuma yake. Na huyu ni mtu ambaye kazi yake yote ni kuuliza kama vitabu vinasema kweli. Somo la kwanza alilofundishwa ni kwamba kitabu chake mwenyewe kisiseme.

Je, namlaumu? Hapana, na sina pa kusimama kumlaumu. Nilianza uandishi wa habari nikilipwa kwa kila habari iliyochapishwa. Habari iliyotupwa ilikwenda na nauli yangu. Nililalamika sana na wenzangu, kwa mhariri nikatabasamu. Leo nami nina binti aliye kwenye mafunzo kwa vitendo. Wiki moja kabla ya safari ile nilimtuma Kibaha na kurudi, na sikumuuliza nauli kaitoa wapi. Nilijiambia anajifunza.

Kabla sijaondoka Namanyere nilimwambia mdogo wangu aandike saa zake zote, wiki moja tu, tuone. Akacheka. "Na nikiondolewa, dada, mzee utamwambia wewe?" Sikuwa na jibu, na bado sina. Ushujaa wa mtu mmoja ukigharimu shamba zima, si haki kumdai yeye peke yake. Labda waanze wale ambao hawawezi kuondolewa kirahisi: meneja, mbia, na sisi wengine wenye vijana chini yetu.

Nilipofika stendi ya Sumbawanga nilimpigia yule binti, nikamuuliza ametumia kiasi gani kwenda Kibaha. Alinyamaza kidogo. Akasema, "Hapana dada, haikuwa nyingi."

Nikaijua sauti ile.