Mtumwa wa Desemba Ni Nani?

Ikifika Desemba, "mwacha mila ni mtumwa" huwa methali ya kusutana. Hutamkwa kwenye vikao vya ukoo, huandikwa kwenye fulana na kwenye makundi ya WhatsApp, na anayesutwa karibu kila mara ni mtu ambaye mwaka huo hatakwenda kwao. Nimeona akirushiwa kijana aliyeeleza kwa adabu kabisa kwamba amepoteza kazi na nauli ya kwenda Rombo hana. Hakuna aliyemuuliza anaishije. Walimpa methali, wakamalizana naye.

Mimi ni Mchagga, na safari ya Desemba naipenda kama anavyoipenda Mchagga yeyote. Napenda basi likishapita Same na Mwanga, watu waanze kunyoosha shingo kuutafuta Mlima Kilimanjaro. Nilifurahi Desemba 2019 treni ya abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi iliporejea baada ya kusimama zaidi ya miaka 20. Napenda mtori wa asubuhi, kisusio cha mbuzi aliyechinjwa alfajiri, na mbege inayopita mkono hadi mkono. Kwa hiyo sisemi haya kumtetea anayedharau kwao. Nasema kwa sababu methali hii imebeba swali zito, nasi tunalijibu kwa wepesi wa kutisha: ni kitu gani hasa ambacho mtu akikiacha anakuwa mtumwa?

Wanaosuta wenzao wana jibu lao. Kwao mila ni yale yanayotendwa na kuonekana: kusafiri, kuchinja, kunywa, kupigwa picha mgombani. Asiyeonekana akiyatenda ameacha mila. Hapo ndipo ninapobisha.

Kama mila ni umbo la sherehe, basi Kilimanjaro nzima ina hatia tangu zamani. Krismasi yenyewe ni mgeni mlimani. Wamisionari Wakatoliki walijenga Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, na Walutheri wa Leipzig wakaingia Machame mwaka 1893. Kabla ya wamisionari kufika hakuna babu yetu aliyehesabu siku za kungoja tarehe 25 Desemba. Na safari hii ya kurudi nyumbani mwisho wa mwaka ni mpya zaidi, maana hakuna kurudi pasipo kuondoka. Kilichowaondoa watu kwa wingi ni shule na ajira za mjini, na ada za shule hizo kwa sehemu kubwa zililipwa na kahawa, ile iliyouzwa kupitia chama cha ushirika cha KNCU kilichoundwa mwaka 1933. Kanisa lilitupa sikukuu, kahawa ikatupa elimu, na mwajiri akatupa likizo. Hivyo vitatu ndivyo vilivyofuma Desemba tunayoiita ya mababu.

Wala si Uchagani peke yake. Kule Makunduchi, Unguja, Mwaka Kogwa husherehekewa kwa kalenda ya siku 365 isiyo na mwaka mrefu, hivyo kila baada ya miaka minne husogea nyuma siku moja ikilinganishwa na kalenda ya ukutani. Karne ya 19 siku ya mwaka iliangukia Agosti. Leo huangukia Julai. Sherehe imehama mwezi mzima na zaidi, watu bado wanapigana kwa migomba na kuchoma kibanda cha makuti, na hakuna aliyewaita watumwa.

Basi tumtazame mtumwa mwenyewe, kwa sababu uzito wa methali umelala kwake. Kiswahili kilikua mahali ambapo mtumwa hakuwa mfano wa kusemea. Alikuwapo, ana uso na jina. Misafara ya pwani ilifika hadi chini ya mlima wetu, mamangi, watawala wetu wa jadi, walipigana, na mateka wa vita hivyo waliuzwa. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na Tanganyika utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1922 tu. Sasa jiulize: mtu yule alikosa nini? Hakukosa mila kwa maana ya umbo. Alijifunza lugha ya waliomiliki, dini yao, mavazi yao na ngoma zao, na aghalabu alizijua kuliko watoto wa nyumba ile. Alichokosa ni mtu wa kumdai. Hakuwa na mjomba wa kuja kuuliza habari zake, hakuwa na ukoo wa kuchanga na kumkomboa, na akifa hakukuwa na kaburi la baba la kulazwa kando yake. Aliyemmiliki angeweza kumfanya atakalo kwa sababu nyuma yake palikuwa patupu.

Ndiyo maana methali hii ina ndugu yake, "mkataa kwao ni mtumwa". Zisome pamoja na utaona zinakazia jambo moja. Mila inayozungumzwa ni ule utaratibu unaomfanya mtu awe wa watu, ili akipungua, pengo lake lionekane. Watu hututania Wachagga kwamba Desemba tunakwenda kuhesabiwa. Wanacheka, lakini wamesema kweli kuliko wengi wanaorusha methali.

Chukua isale, lile jani ambalo kwetu huota mipakani na makaburini. Aliyekosa hulibeba jani hilo na kwenda nalo kwa aliyemkosea, na aliyeletewa isale akikataa kusamehe, kosa linamgeukia yeye. Ndani ya jani moja kuna fundisho kubwa kuliko karamu yoyote: kwamba ugomvi hauna ruhusa ya kumtoa mtu katika ukoo. Au chukua mgao wa nyama. Mbuzi wa ukoo hakatwi ovyo; kila kiungo kina mwenyewe, kwa umri, kwa undugu, kwa nafasi. Bibi mjane ambaye hakuchanga hata shilingi hupata fungu lake, naye halipokei kama sadaka kwa sababu ni haki yake. Mgao ule ni orodha ya watu inayosomwa kwa kisu. Hiyo ndiyo mila, na mbuzi ni njia yake tu.

Sasa itazame Desemba yetu ya leo kwa jicho hilo. Magari yanapanda tarehe 23 au 24, spika zinafungwa kwenye miti, kreti za bia zinashushwa. Kuna sare ya kitenge ya ukoo kila mwaka, na kila mwaka ya mwaka jana haifai. Kikao cha ukoo, ambacho zamani kilikuwa moyo wa siku zile, kimebanwa kati ya misa na nyama choma, na ajenda yake ni kusoma majina ya wasiomaliza michango. Ndugu wawili wasiosalimiana kwa sababu ya mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, wanakula meza mbili tofauti na wanaondoka vile vile, isale limesimama palepale mpakani halijachumwa. Shangazi mgonjwa, nyumba ya tatu kutoka hapo, anasikia muziki usiku kucha, na hakuna aliyemfikia. Tarehe 27 geti linafungwa kwa kufuli hadi mwaka ujao.

Nauliza bila kumung'unya maneno: aliyeacha mila hapo ni nani? Ni yule kijana asiye na nauli, ambaye hupiga simu kwa mama yake na kumtumia cha dawa akipata kibarua, au ni hawa waliofika na kuondoka bila kumwona mtu? Na yupo wa tatu, wa kuhurumiwa zaidi. Huyu alikopa kwa riba ili asionekane ameshindwa. Alichinja, alivaa sare, alisifiwa, na Januari watoto wake wamerudishwa nyumbani kwa ada. Amekwenda kwao kwa hofu ya macho ya watu. Kama mnatafuta mtumwa, msiende mbali.

Lakini vijana nao wasishangilie upesi. Nawajua wanaojibu kila jambo kwa "mambo yamebadilika" kisha wanajiona wamejieleza. Mambo yamebadilika siku zote, nimekwisha kusema. Aliye na uwezo, ambaye mwaka baada ya mwaka anachagua ufukwe kuliko mamaye mzazi, ambaye watoto wake hawajui jina la babu yao wala kaburi lake liko wapi, methali inamhusu, na inamhusu kwa ukali wake wote. Uhuru wake ni wa mtu ambaye siku akianguka hapana atakayejua aanze kumtafutia wapi.

Na kuna mahali ambapo tafsiri ya umbo si kosa dogo la kisomi, ni hatari. Desemba hiyohiyo, shule zikifungwa, baadhi ya wasichana wa Tarime mkoani Mara huandaliwa kukeketwa, na wengine hukimbilia nyumba za hifadhi. Tangu mwaka 1998 sheria ya Tanzania inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, lakini msimu bado huja. Hapo pia wapo watakaosema mwacha mila ni mtumwa. Kama walivyoielewa ni sahihi, basi binti anayekimbia kisu ndiye mtumwa na wanaomshika mikono na miguu ndio waungwana. Hilo haliwezi kuwa kweli mbele ya Mungu wala mbele ya mababu. Kazi ya kwanza ya ukoo ni kumkinga mtoto wake. Mama anayemficha bintiye usiku ameshika mila kwa mikono miwili, na wazee wanaomlaani wameiacha.

Kwenu wazee na viongozi wa koo mnaoanza kuitisha michango mapema: futeni sare. Kikao kitangulie nyama, na kabla ya hesabu za fedha yasomwe majina ya wagonjwa, wajane, waliopoteza kazi na wanaogombana. Ugomvi utafutiwe isale siku hiyohiyo. Asiye na nauli achangiwe nauli kwanza, mbuzi baadaye, na asiyeweza kabisa kufika fungu lake litengwe lipelekwe kwa mama yake. Nawe uliyejaaliwa gari lenye viti vitupu, kabla hujajaza mafuta ulizia ni ndugu gani yuko Dar es Salaam, iwe Mbagala, Kimara au Gongo la Mboto, anayetaka kwenda nyumbani, umpitie umpakie.