Kurudi Jana: Uwezekano wa Kisayansi na Uzito wa Matendo katika Filamu

Mhakiki anapokabiliana na filamu inayosimulia safari katika wakati, swali la kwanza analoulizwa ni iwapo jambo hilo lawezekana kisayansi. Swali hili ni halali, lakini halijitoshelezi. Makala haya yanadai kwamba nyuma yake limejificha swali la kimaadili: je, tendo lililokwisha kutendwa laweza kufutwa?

Fizikia hutofautisha safari mbili. Ile ya kwenda mbele imethibitishwa. Mnamo 1971, Hafele na Keating walizizungusha saa za atomu duniani kwa ndege za abiria. Zikatofautiana na zilizobaki ardhini kwa sehemu za bilioni za sekunde, kama nadharia ya Einstein ilivyobashiri. Ile ya kurudi nyuma ingali dhana. Mwaka 1949 Gödel alionyesha kwamba milinganyo ya Einstein yairuhusu, ila katika ulimwengu unaozunguka, usiofanana na wetu. Naye Hawking, mwaka 1992, alipendekeza kwamba kanuni za maumbile huizuia.

Kwa kipimo hiki, Interstellar (2014), iliyoshauriwa na mwanafizikia Kip Thorne, ina msingi inapoonyesha saa moja karibu na shimo jeusi ikigharimu miaka 7 duniani. Baba anarejea chomboni na kukuta salamu za miaka 23. Watoto wake wamekwisha kuwa watu wazima. Hapa sayansi yenyewe ndiyo inayozaa msiba: maji yakimwagika hayazoleki.

Katika Back to the Future (1985), Marty anarudi 1955, anavuruga kukutana kwa wazazi wake, kisha anarekebisha. Picha ya ndugu zake inafifia polepole, jambo lisilo na mantiki: ama walizaliwa, ama hawakuzaliwa. Lakini kasoro nzito zaidi ni ya kimaadili. Marty anaporejea 1985 anakuta baba jasiri na nyumba yenye neema. Yule baba mnyonge aliyemlea yuko wapi? Amefutwa, wala hakuna anayemlilia. Kusema kwamba hii ni futuhi tu hakuliondoi swali hilo.

Huenda ikadaiwa kwamba pasipo uwezo wa kuyabadili yaliyopita, mhusika hana hiari, na kwa hivyo hana wajibu. 12 Monkeys (1995) yaijibu hoja hiyo. Cole hatumwi kuzuia maradhi yaliyoua watu bilioni 5. Anatumwa kutafuta habari za virusi ili waliosalia wapate tiba. Anauawa katika uwanja wa ndege, huku yeye mwenyewe, angali mtoto, akitazama. Yaliyopita hayakubadilika, ila wajibu wake kwa walio hai haukupungua.

Aristotle alimruhusu mtunzi kuchagua lisilowezekana lakini lenye kusadikika badala ya liwezekanalo lisilosadikika. Hivyo, filamu haikosei kwa kuvunja kanuni za fizikia. Inakosea inapozivunja ili kumsamehe mhusika gharama ya tendo lake.